Deni la Bi Kesho

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho. Mtaani aliitwa Bi Kesho, na hakuna anayekumbuka nani alianza. Alikuwa fundi cherehani, na mafundi cherehani tunawajua. Ukimpelekea kitambaa Jumatatu atakwambia njoo Alhamisi. Alhamisi ukifika atakwambia kimebaki kifungo tu, njoo kesho. Kesho ukienda unakuta kitambaa chako kimekunjwa vilevile ulivyokikunja wewe, hakijaonja mkasi. Bi Kesho hakuwa mwongo kuliko wenzake. Ila yeye kesho aliisema kwa uso mkunjufu na sauti ya kubembeleza, hata mteja akaondoka anashukuru, na akifika njia panda ndipo anakumbuka kwamba anarudi mikono mitupu.

Kushona alijua, tusimnyime haki yake. Alianza akiwa na miaka kumi na tisa, kwa shangazi yake aliyekuwa akimchapa vidole kwa rula kila mshono ulipopinda. Mume wake alipofariki akamwachia watoto wawili wa kiume na deni la jeneza, cherehani ndiyo iliyolipa jeneza na ndiyo iliyowalea watoto. Sasa walikuwa watu wazima wenye wake zao, wanaishi mbali, wanapiga simu mwisho wa mwezi kuulizia hali yake na kulalamikia ya kwao. Kilichobaki kuwa chake ni chumba cha kazi alichopanga miaka mingi: mlango wa mbao wa kukunja, dirisha moja lenye nondo, cherehani ya miguu chini ya dirisha, pasi, meza ya kukatia yenye mikwaruzo ya mkasi, na misumari ishirini na nne ukutani. Kila msumari ulibeba mfuko wa mteja, na kila mfuko ulikuwa na karatasi ya vipimo ndani yake. Mfuko haukufunguliwa mpaka siku ya kushonwa. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni yake.

"Kazi ya mtu ukishaifungua inakutazama," alikuwa akisema. "Ikiwa ndani ya mfuko, yenyewe inalala na wewe unalala."

Chumba hicho aligawana na Msusi. Upande wa dirisha ulikuwa wa nyuzi, upande wa mlango ulikuwa wa nywele, na katikati, ukutani, kilisimama kioo kirefu cha Msusi ambacho wateja wa wote wawili walijitazamia. Miaka kumi na saba waliishi hivyo. Walikunywa chai kwenye chupa moja, waligombana kuhusu redio, na kila mmoja alijua watoto wa mwenzake waliugua nini utotoni. Msusi alikuwa mwanamke mnene mwenye kicheko cha kutikisa mabega, na vidole vyake vilikimbia kichwani mwa mtu huku mdomo wake ukimkimbiza Bi Kesho.

"Wahenga wamesema ahadi ni deni," alikuwa akiwaambia wateja. "Basi mtazameni vizuri yule pale dirishani. Duniani hapa hakuna mtu anayedaiwa kama yeye."

Na Bi Kesho anacheka mpaka sindano inamdondoka.

Mtoto mkubwa wa Bi Kesho alipooa, mama huyo alimshonea Msusi gauni la bluu bila malipo. Lilikuwa na kola ndogo, mikono ya kufika viwiko, na ndani upande wa kushoto wa kiuno alimwekea mfuko wa siri, kwa sababu Msusi alikuwa na tabia ya kuficha pesa kifuani kisha anazitafuta mbele za watu. Hata zawadi hiyo aliichelewesha. Asubuhi ya harusi Msusi alisimama chumbani na shuka kiunoni, anatukana, wakati vifungo vinamaliziwa. Akalivaa likiwa bado na joto la pasi. Kifua arobaini na mbili, kiuno thelathini na nane, nyonga arobaini na sita. Bi Kesho hakuhitaji kuviandika vipimo hivyo popote. Siku hiyo Msusi alicheza kumshinda mama wa bwana harusi.

Katikati ya mwaka huo tunaousimulia, mwenye nyumba alikuja na habari mpya. Kuanzia mwaka unaofuata hataki tena kodi ya mwezi kwa mwezi. Anataka ya mwaka mzima kwa mkupuo, na mwisho wa kupokea ni siku ya mwisho ya mwaka. Asiyekuwa nayo atoe vitu vyake. Wapangaji wa vyumba vya jirani walishika vichwa, lakini Bi Kesho hakushtuka. Alikuwa amejiwekea akiba miaka mitatu, kidogokidogo, na akiba hiyo ilitosha kodi ya mwaka, ikabaki ya kununulia uzi. Akalala usingizi wake.

Wiki chache baadaye, mchana mmoja wateja walipopungua, Msusi alikuwa akifagia nywele sakafuni.

"Mwenzangu, nina shida," akasema.

"Sema."

"Naomba uniazime pesa. Zile ulizoweka."

Mguu wa Bi Kesho ukasimama kwenye cherehani. "Zote?"

"Zote. Nipe wiki tatu tu."

"Hizo ni za chumba, unajua."

"Najua. Ningekuwa na mtu mwingine ningekuja kwako?"

"Za nini?"

Msusi akatazama ufagio. "Kuna mama mmoja anafunga saluni yake. Anauza viti na mashine ya kukaushia nywele, bei ya kutupa. Nikichelewa vinaondoka."

Bi Kesho aliona kwamba macho ya mwenzake yalikuwa kwenye ufagio. Aliona, akaliacha lipite. Kukopa harusi, kulipa matanga. Kila mtu anaijua methali hiyo, na kila mtu huisahau rafiki yake akiwa amesimama mbele yake. Kesho yake, na hiyo ilikuwa kesho ya kweli, alizileta pesa zimefungwa kwenye kipande cha bitana. Hawakuandikishana wala hawakuita shahidi. Kwa watu wa miaka kumi na saba karatasi ingekuwa matusi.

Wiki tatu zikapita. Viti vya saluni havikuonekana wala mashine ya kukaushia. Bi Kesho hakuuliza, maana kuuliza deni kwa rafiki ni kazi ngumu kuliko kukopesha. Mdaiwa hana haya, mwenye mali ndiye anayeona haya. Wiki ya tano akauliza kwa mzaha. Msusi akamjibu kwa mzaha, kesho kutwa. Wiki ya nane mzaha ukaisha.

"Mwenzangu, ile pesa."

"Nakumbuka. Usinifikirie vibaya."

"Sikufikirii vibaya. Nafikiria mwisho wa mwaka."

"Haitafika huko."

Wakati huo Msusi alikuwa ameanza kuvaa sweta kubwa hata jua likiwa linawaka. Bi Kesho alimwambia amepungua, naye akajibu kwamba anapunguza tumbo kwa sababu msusi mnene anaziba kioo. Wakacheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi. Kisha Msusi akawa anakuja siku tatu kwa wiki, kisha moja, akisema kwamba wateja sasa wanataka kusukwa majumbani kwao. Mwishowe hakuja kabisa. Kiti chake na kioo vikabaki palepale.

Bi Kesho alipiga simu, ikawa inaita mpaka inakata. Akatuma ujumbe wa salamu, halafu wa kukumbusha, halafu wa kuomba, halafu mwingine ambao hakuusoma mara mbili kabla ya kuutuma. Akampa maneno muuza mkaa anayepita mtaa wa Msusi. Muuza mkaa akarudi na jibu kwamba Msusi amesema atalipa. Kulipa kwa mdomo ni kwepesi, Bi Kesho akamwambia muuza mkaa, kana kwamba yeye ndiye aliyekopa.

Mwezi wa kumi, Jumapili, alikwenda mwenyewe. Nyumba ya Msusi ilikuwa ndani ya ua wenye wapangaji watano. Jirani aliyekuwa akianika nguo akamwambia kwa haraka mno kwamba Msusi hayupo. Lakini ndala za Msusi zilikuwa mlangoni, zile za njano alizozifunga uzi wa nailoni, na Bi Kesho ndiye aliyempa uzi huo. Pazia likacheza kidogo. Hapo ndipo damu ilipomchemka.

Alisimama katikati ya ua akasema yote. Alisema amelisha nyoka. Alisema miaka kumi na saba amekaa na mwizi, mwizi wa kucheka na wewe, ambaye ni mbaya kuliko wa kuvunja mlango kwa sababu yule wa mlango angalau hakujui wewe. Wapangaji wakatoka, watoto wakaacha mpira. Aliyaona macho ya watu na hayakumzuia, yakamwongezea maneno.

"Toka nje basi kama una uso!"

Pazia halikufunguka. Sauti ya Msusi ikatoka nyuma yake, ndogo kuliko alivyoizoea. "Nitakulipa, mwenzangu. Kwa mkono wangu."

"Lini?"

Bi Kesho akalinyoshea pazia kidole.

"Na kioo chako hakitoki mle ndani mpaka pesa yangu irudi!" Bi Kesho akamaliza, akaondoka. Njiani alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua gunia, na wepesi huo ulidumu mpaka alipofungua mlango wa chumba na kujiona kwenye kioo chenyewe, peke yake, kilemba kimekaa upande.

Ikabidi aitafute kodi upya. Kwa bahati, mwisho wa mwaka ni msimu wa sare za shule, na nusu ya mtaa huleta vitambaa kwa wakati mmoja. Alipokea kila kazi. Misumari ikajaa, mifuko mingine akaitundika kwenye nondo za dirisha. Akafanya hesabu ya kila fundi mwenye shida: kazi ambayo mteja bado anadaiwa nusu inashonwa kwanza, kwa sababu ikiisha inaleta pesa. Iliyolipwa yote inasubiri. Ndiyo maana watu wazima hukwambia usimlipe fundi yote mapema. Ukishamlipa, umemwachia afanye atakavyo.

Wiki nne kabla ya mwaka kwisha alikuja mwanamke mmoja mrefu, mgeni, mwenye mwavuli mweusi wa kiume. Alimtazama Bi Kesho kwa muda kabla ya kusalimia.

"Fundi, nina kazi ndogo. Gauni la kupunguza. Vipimo vimeandikwa humo ndani."

"Lako?"

"La mgonjwa wangu."

"Pole. Njoo Jumamosi, dada yangu, utalikuta tayari."

Mwanamke akauliza bei, akalipa yote papo hapo, bila kuomba kupunguziwa hata senti. Bi Kesho akautundika ule mfuko kwenye msumari wa mwisho, nyuma ya kioo, akaandika juu ya mfuko "kupunguza, amelipa," na akarudi kwenye sare.

Jumamosi mwanamke akaja. "Kimebaki kidogo tu," Bi Kesho akasema kwa ile sauti yake. "Njoo Jumanne."

Jumanne akaja. Kulikuwa na mvua, na matone yalidondoka kutoka kwenye mwavuli hadi sakafuni. "Umeme ulikatika, pasi haikushika moto. Kesho, dada yangu. Kesho kabisa."

Mara ya tatu, siku ya Ijumaa, mwanamke hakuketi. Wazazi watano wa wanafunzi walikuwa ndani wanasukumana, na Bi Kesho alikuwa na pini mdomoni.

"Fundi, nakuomba. Mgonjwa analisubiri."

Bi Kesho akatoa pini mdomoni. Alikuwa amechoka, mgongo unamuuma, na wazazi walikuwa wanamtazama waone atajibu nini. "Gauni si dawa, dada," akasema, na wale wazazi wakacheka.

"Kwa huyu ni dawa," mwanamke akajibu. Akafungua mwavuli wake akaondoka, na hakurudi tena.

Siku ya mwisho ya mwaka Bi Kesho alikuwa na zaidi kidogo ya nusu ya kodi. Mwenye nyumba alikuja saa nne asubuhi, akiwa na kijana wa kuuza simu aliyeshika utepe wa kupimia ukuta. Hakuwa mtu mkatili. Alisimama mlangoni bila kuingia.

"Nipe wiki mbili, baba," Bi Kesho akasema. "Kuna mtu ananidaiwa... ninamdai mtu. Akilipa tu, nakuletea siku hiyohiyo."

"Mama, nimekupa miezi sita."

"Chukua hii nusu."

"Huyu ameleta yote." Akamwonyesha kijana kwa kidevu, kisha akasema polepole, kama anayeona aibu kwa niaba yake, "Na mama, kesho zako mji mzima unazijua. Nikikaa kuzisubiri, mimi nitakula nini?"

Akapewa mpaka Jumapili ahamishe vitu.

Jumapili hiyo majirani wawili walimsaidia kutoa cherehani na meza. Yeye alibaki kushusha mifuko msumari kwa msumari, anaiita majina: sare ya mtoto wa mwalimu, suruali ya dereva, shuka la yule bibi. Wakasogeza kioo. Nyuma yake ulining'inia mfuko mmoja, na juu yake maandishi yake mwenyewe: kupunguza, amelipa. Akaona haya kidogo. Akajisemea kwamba hata kama anahama, hili atalimaliza leo. Akaufungua.

Kwanza ilimjia harufu ya mafuta ya nywele. Kisha akaona bluu. Aligeuza kola akaukuta mshono wake, ule mdogo wa kurudia mara mbili ambao shangazi yake alimchapa vidole mpaka akaujua. Mkono ukaenda wenyewe kiunoni upande wa kushoto, ndani. Mfuko wa siri ulikuwapo, mtupu. Aliketi chini kwenye sakafu iliyojaa vipande vya nyuzi, akafungua karatasi. Mwandiko wa Msusi ulikuwa umelegea, mistari inashuka kama inateleza. Kifua thelathini na mbili. Kiuno ishirini na sita. Nyonga thelathini na nne.

Fundi hahitaji daktari amweleze namba kama hizo. Kila inchi aliiona ikiondoka, na kila inchi alijua ilikuwa wapi: hii ndiyo iliyokuwa inatikisika akicheka, hii ndiyo aliyoiziba kwa sweta. Akalikumbuka pazia lililocheza. Akakumbuka pini mdomoni. Majirani walimwita mara mbili wakamwona anainuka na gauni mkononi, hajavaa hata viatu vya kutokea, anatembea, kisha anakimbia.

Uani kwa Msusi viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa kimoja juu ya kingine kando ya ukuta, vya kuazima, vinasubiri kurudishwa. Masufuria makubwa yaliyosuguliwa yaliinamishwa juani. Yule mwanamke mrefu alikuwa ameketi mlangoni anakunja shuka. Alipomwona Bi Kesho hakushangaa. Alilitazama gauni.

"Umechelewa, fundi," akasema. "Tumemzika Jumatano."

Bi Kesho akaketi chini, gauni mapajani.

"Mimi ni dada yake. Tumbo moja." Mwanamke akaingia ndani, akarudi na bahasha ya kaki. "Hii ni yako. Hesabu."

"Sihesabu."

"Hesabu. Alisema uhesabu mbele yangu."

Akahesabu. Dada mtu alimsimamia mpaka noti ya mwisho. Pesa zilikuwa kamili, zote, kama alivyozitoa kwenye kipande kile cha bitana.

"Hakununua viti," Bi Kesho akasema.

"Viti gani? Alikuwa anakwenda hospitali. Alipoona dawa hazibadilishi kitu, akasema dawa basi, pesa zilizobaki zirudi kwa mwenyewe. Yeye akauza redio na kitanda, mimi nikauza mazao yangu. Zikatimia."

"Zilitimia lini?"

Dada mtu akaendelea kukunja shuka, pembe kwa pembe. "Siku ile ya kwanza nilipokuja kwako, zilikuwa humo ndani ya bahasha."

Wiki nne. Wiki nne pesa ya chumba ilikaa katika nyumba hii, imetimia, inasubiri sindano yake yeye. Alihangaika mwezi mzima kutafuta kodi kwa kushona sare za watu, na kodi yenyewe ilikuwa imetundikwa kwenye msumari wake mwenyewe, nyuma ya kioo.

"Kwa nini hukunipa tu? Kwa nini hukuniambia?"

"Aliniapisha. Alisema, 'Alinitukana nikiwa nyuma ya pazia, nitamlipa nimesimama, mbele ya kioo changu, nimevaa gauni lake.' Lakini likawa linamwanguka mabegani. Akasema, 'Akiniona hivi atanihurumia, atazikataa pesa zake, akose chumba. Kwanza lipunguzwe.'" Akachukua shuka jingine. "Na nikitaja jina lake, alisema, utalitupa gauni nje. Mara ya tatu nilikaribia kusema. Ndipo ukaniambia gauni si dawa."

Bi Kesho akalia. Hakulia kwa adabu. Alilia kwa sauti, ameketi chini, uani palepale alipotukania, na wapangaji walewale wakatoka kutazama, safari hii wakarudi ndani wenyewe.

Alipoweza kuongea akauliza, "Ulipokuwa unarudi bila gauni, alikuwa anasemaje?"

"Mara ya kwanza alicheka. Alisema, huyo ni Bi Kesho, mimi namjua, mwache. Mara ya pili alicheka pia. Mara ya tatu aliniuliza leo ni siku gani. Nikamwambia Ijumaa. Akasema haya."

Bi Kesho akachomoa noti kwenye bahasha. "Nikurudishie basi ile pesa ya kupunguza. Sikufanya kazi yake."

Dada mtu akausukuma mkono wake, si kwa nguvu. "Hiyo alilipa kwa makusudi. Alisema mlipe yote, huyo asije akanidai mara mbili. Kashone."

"Namshonea nani sasa?"

"Hilo mimi sijui, mama. Wewe ndiye uliyepokea pesa."

Kuhusu kioo, dada mtu alisema hawezi kupanda nacho kwenye basi, Bi Kesho akae nacho. Jumatatu akasafiri kurudi kwao na mwavuli wake.

Chumba kilikuwa kimekwisha pakwa rangi ya kijani na kujazwa simu. Bi Kesho alipata kingine kidogo, mtaa wa nyuma, kisicho na dirisha, mlango ndio unaompa mwanga. Kazi ya kwanza aliyoifanya humo ilikuwa gauni la bluu. Alifumua mishono yake mwenyewe mmoja mmoja, akapima mara mbili, akakata. Kiuno ishirini na sita. Mfuko wa siri akaurudisha mahali pake, upande wa kushoto. Alilipiga pasi, akalitundika kando ya kioo, bila mfuko, linakutazama ukiingia. Ilimchukua asubuhi moja. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja tu tangu mwanzo.

Siku hizi ukimpa kitambaa anakutajia siku, na siku hiyo unakikuta tayari. Watu wanashangaa, lakini jina halikubadilika. Jina likishakaa mtaani halisikilizi sababu. Wateja wapya hulipenda lile gauni. Wengine hulishika pindo, wakauliza bei.

"Si la kuuza," Bi Kesho huwajibu. "Lina mwenyewe."

"Nani?"

"Mtu anayenidai."

"Na anakuja lini kulichukua?"

Miaka yote ya kazi yake swali hilo lilikuwa na jibu moja, na hadi leo humfika mdomoni lenyewe. Hulimeza, akainama, akaendelea kukanyaga cherehani.